Babu, Mishumaa Miwili na Barabara ya Nyamira

Mmeniuliza sana. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine mmenitumia ile video ya dakika moja pamoja na vikatuni vya kulia, mkitaka kujua ni nani wetu aliyefariki na kwa nini hamkuambiwa. Hakuna aliyefariki. Yaani yupo, lakini alifariki Mama yangu akiwa hajaota meno, na Mama sasa ana wajukuu wenye ndevu. Nakaa chini niwaeleze wote kwa pamoja, halafu tafadhali msinisimamishe tena sokoni kunipa pole.

Suneka: chupa ya chai

Safari yenyewe si ndefu ukiitazama kwenye ramani. Suneka hadi Kisii mjini, Kisii hadi Masimba, halafu unarudi Keroka na kukata kuelekea Nyamira. Mtu mwenye gari na asiye na Mama angeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sisi ilituchukua siku tatu.

Mama anaitwa Bosibori na anaishi Suneka. Ana picha moja tu ya baba yake, ndogo kama kiganja, ambayo amekuwa akiihifadhi ndani ya Biblia. Tata, ndivyo anavyomwita, amesimama kwenye baraza la duka, kando ya nguzo. Amevaa koti jeusi linalofika magotini, mkono mmoja uko juu ya kiti cha baiskeli, na midomo ameibana utadhani ameambiwa asipumue. Mama hana kitu kingine cha baba yake. Hakumbuki sauti wala harufu yake, na pale mahali ni wapi, hakuna aliyewahi kumwambia.

Sasa macho yake yameingia ukungu. Amepewa siku ya kupasuliwa, na daktari, mtu mkweli kupita kiasi, alisema atajaribu lakini hawezi kuahidi. Tulipofika nyumbani ndipo akasema (kwa Ekegusii, nami nawatilia Kiswahili), "Moraa, kabla hawajanigusa macho, nataka nisimame pale aliposimama Tata. Unipige picha. Nataka kuona kama tunafanana."

Hili la kufanana si jambo dogo. Mama ana jino la mbele lililopanda juu ya jirani yake, na katika ukoo wao wote hakuna mwingine mwenye jino hilo. Tangu utotoni binamu zake walimtania kwamba aliokotwa njiani. Ndiyo maana Mama hucheka amefunika mdomo kwa mkono. Na picha ya Tata, kwa bahati mbaya, ndiyo hiyo ya midomo iliyobanwa.

Aliyeweza kujua mahali pale ni Kerubo wa Masimba, mtoto wa baba mdogo wa Mama. Lakini Mama na Kerubo hawakuwa wanatembeleana. Mama aliamini kwamba Tata alipofariki, nyumba ya baba mdogo ilichukua ile baiskeli. Miaka yote hiyo hajanywa chai kwa Kerubo. Kwenye harusi na matanga walisalimiana kwa ncha za vidole.

Basi asubuhi ya safari nilimkuta Mama amefungasha mwavuli, parachichi sita, na chupa kubwa ya chai iliyojaa hadi kooni.

"Chai ya nini, Mama, na tunaenda kwa watu?"

"Ndiyo maana," akajibu.

Kisii mjini: Bwana Denis anatusaidia

Picha ilikuwa ndogo mno kwa macho ya Mama, kwa hiyo nilitaka kwanza ikuzwe iwe kama sinia. Mnajua nina duka la dawa pale mjini. Mlango wa tatu kutoka kwangu yuko fundi wa picha, Bwana Denis, mtu mzima mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya paji la uso. Nilimwachia picha, nikamwambia, "Huyu ni babu. Mkuze, umtie kwenye fremu," nikarudi dukani kwa sababu watu walikuwa wamepanga foleni na vikohozi vyao.

Stima ikapotea kabla ya saa nne. Ikarudi saa tisa. Mvua ikaja saa tisa na dakika tano, maana Kisii mvua ina saa yake. Nilichukua mzigo ukiwa umefungwa kwa magazeti na utepe, tukaenda kulala kwangu Nyanchwa. Mama ndiye aliyeufungua, taratibu, kama mtu anayevua mtoto nguo. Akauinua karibu na pua.

"Amependeza," akasema. "Lakini hivi vinavyowaka ni nini?"

Nikatazama. Kila upande wa babu kulikuwa na mshumaa. Juu yake mawingu na njiwa, chini waridi jekundu, na maandishi ya dhahabu: PUMZIKA KWA AMANI BABA YETU MPENDWA. Mashavu yalikuwa mekundu na midomo imeiva. Shingoni, mahali ambapo hapakuwa na kitu, palikuwa na tai ya buluu.

Simlaumu sana. Katika mji wetu anayepeleka picha ya mzee ikuzwe huwa na matanga nyumbani, na fundi aliyezoea hahitaji kuambiwa. Asubuhi nilishuka kwa hasira kumtaka aondoe mishumaa yake. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani yake akaniambia, "Denis ameenda matanga Keumbu. Atarudi jioni."

Mama hakutaka kungoja jioni. "Tata hajawahi kuwa na tai," alisema. "Mwache avae."

Masimba: msiba usiokuwepo

Sasa fikirini nyinyi wenyewe. Wanawake wawili wenye vitambaa kichwani wanashuka kando ya barabara Masimba. Mmoja ni mzee, ameshika kifuani picha kubwa yenye mishumaa, uso wa picha ukitazama mbele kwa sababu, alivyosema, "Tata naye aone njia." Nilimsihi aifunike kwa leso. Akaniuliza kama mimi napenda kufunikwa uso safarini.

Mwenye duka la kwanza alivua kofia. Mama mmoja wa nyanya aliacha nyanya zake.

"Pole sana, omong'ina, mama yetu mzee. Ni nani huyu ametuacha?"

"Ni baba yangu," Mama akajibu, na hakudanganya.

"Yaaye! Alikuwa mzee sana basi."

"Hapana. Alikuwa kijana."

Yule mama alimtazama Mama, akaitazama picha, akaamua kwamba uchungu umemchanganya, akamshika mkono. Tulipofika kwenye lango la Kerubo tulikuwa na watu kama ishirini nyuma yetu, wote wamenyamaza kwa heshima. Nilijaribu kueleza. Nilipofungua mdomo, mtu aliniambia, "Usijikaze, dada, lia tu."

Kerubo alitokea jikoni mikono ikiwa na unga wa wimbi. Akamwona Bosibori, ambaye hajakanyaga ua ule miaka nenda rudi. Akaona mishumaa. Uso wenyewe hakuutazama. Alitupa mikono juu ya kichwa akapiga ukemi uliosikika hadi mto unapopinda, na baada ya hapo hakuna maelezo yangu yaliyomfikia mtu yeyote. Viti vilianza kuja. Magunia mawili ya kuni yalitua. Mzee mmoja akaanza kupima kwa hatua mahali pa kufunga turubai, na mwalimu wa kwaya akaniuliza kama marehemu alikuwa na wimbo aliopenda.

Ilinichukua karibu saa nzima kuuzima msiba ule. Hatimaye nilipanda juu ya kiti, nikapaza sauti kwamba marehemu alizikwa zamani, kabla wengi wao hawajazaliwa, na kwamba tunatafuta tu mahali alipopigwa picha. Watu wakageukia moto. Kisha mzee wa turubai akasema, "Sasa hii moto tumewasha, tuzime?"

Haikuzimwa. Unga ulikuwa umeshafika, maziwa yameshafika, na mwenye kuleta kitu kwenye msiba harudi nacho nyumbani. Tukapikiwa ugali wa wimbi na chinsaga chungu kizima, ile mboga yetu iliyolala kwenye maziwa. Watu walikula vizuri sana kwa heshima ya babu yangu. Wachache walitoa hotuba.

Mvua ilipoanza, tukaingia ndani sisi watatu. Kerubo akamimina chai vikombe vitatu. Mama akafungua mfuko, akatoa chupa yake, akajimiminia yake. Nilitamani sakafu inimeze.

"Bosibori," Kerubo akasema polepole, "chai yetu ina nini?"

"Chai yenu haina kitu. Baiskeli ndiyo ina kitu."

"Baiskeli gani?"

"Ya Tata. Mliyochukua."

Kerubo akaweka birika chini. "Sisi? Sisi ndio tulichukua? Baba yangu alikufa akiulizia koti la kaka yake! Alituambia mlibaki nalo nyinyi, kule kwenu. Koti la sufu! Mimi nimekukasirikia koti hilo tangu nikiwa msichana."

Walitazamana. Nilikuwa katikati yao na parachichi mkononi, nikaona heri nile.

Kwa bahati, Kerubo alipoishika picha hatimaye na kuitazama sawasawa, hasira ilimpunguka. Alipajua mahali pale. Baba yake alimsimulia mara nyingi: ilikuwa siku ya soko Nyamira, kwenye baraza la duka la Mzee Swaleh. "Baba alikuwepo," akasema. "Hapa kando, nje ya picha. Alikuwa ameshika kuku wa kuuza. Akalalamika hadi kufa kwake kwamba hakuna aliyemwita aingie."

Kesho yake asubuhi, tukijiandaa, Kerubo alitoka amevaa nguo ya kanisani.

"Unaenda wapi?" Mama akamuuliza.

"Nyamira. Nataka nikamuulize mwenye duka koti lilienda wapi."

Barabara ya Nyamira: msafara

Tulipata pikapu ya bwana mmoja, Nyakundi, aliyekuwa ameshusha ndizi na sasa anarudi Nyamira na gari tupu. Mama alikaa mbele na picha. Kerubo na mimi tulikaa nyuma juu ya majani ya migomba, kwenye viti viwili vya msiba tulivyoazima. Nyakundi ni mtu wa adabu. Alipoona picha, hakuuliza kitu, aliwasha taa zote na kuendesha pole kama anayebeba mayai.

Keroka, madereva walitupisha. Baada ya hapo bodaboda ya kwanza ikaja ubavuni, kijana akachungulia ndani.

"Mathe, pole sana. Mnampeleka wapi mzee?"

"Nyamira," Mama akasema.

"Hatuwezi acha mzee aende pekee yake hivi. Tutamsindikiza."

Akapiga honi mara tatu. Sijui walitokea wapi. Kufikia mteremko wa pili walikuwa kumi na wanne, wamevunja matawi na kuyafunga mbele ya pikipiki, wakipiga honi kwa zamu. Huko ndiko ile video ilikopigwa. Yule mwanamke anayepunga mikono juu ya pikapu, ambaye mlisema amezidiwa na huzuni, ni mimi nikiwaambia warudi.

Nilipiga kioo cha nyuma. "Mama! Waambie ukweli!"

Mama hakugeuka. Nilidhani hajasikia. Tuliposimama kungoja ng'ombe wavuke, nikashuka nikaenda dirishani kwake kugomba, na nikakuta machozi yanamtiririka na anatabasamu.

"Moraa," akasema, "Tata alizikwa na watu sita, mvua inanyesha. Nilikuwa mgongoni mwa mtu, nimelala. Sikumlilia. Waache wapige honi."

Nikarudi juu ya majani ya migomba. Kerubo aliniuliza amesemaje, nikamwambia. Akachukua leso yake akaanza kuwapungia wale vijana waongeze honi.

Nyamira: baraza la Mzee Swaleh

Duka lipo. Mabati ni mapya na siku hizi linauza vitambaa na ndoo za plastiki, lakini nguzo ni ile ile. Mwenyewe ni Bi. Mwanaisha, mjukuu wa Mzee Swaleh. Alipoona msafara umesimama mlangoni pake alifunga nusu ya mlango, akajitanda khanga kichwani, akatoka akisema, "Innalillahi! Karibuni, karibuni, poleni jamani. Nani huyu?"

Mama akamgeuzia picha. Bi. Mwanaisha akainama kuitazama, mkono kifuani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, amejiziba na khanga, na kila akijaribu kuomba radhi anacheka tena.

"Nisameheni, mama zangu. Nisameheni. Ni hilo koti!"

"Liko wapi?" Kerubo akauliza papo hapo.

"Lilikuwa la mpiga picha! Alikuwa akija siku za soko, anasimama hapa barazani kwetu. Koti lake analitundika kwenye msumari huu." Akatuonyesha msumari, bado upo. "Kila mwanamume aliyetaka picha alivalishwa lilo hilo. Akishapigwa, anavua, anavaa mwingine."

Mama akaugusa ule msumari. "Na baiskeli?"

"Baiskeli ya babu yangu, hiyo. Aliitoa mnyororo kusudi, mtu asije akapigwa picha halafu akaondoka nayo. Hebu angalieni."

Tukaangalia. Kwenye picha ya Bwana Denis, kubwa kama sinia, kati ya mshumaa na waridi, ilionekana wazi kabisa: baiskeli haina mnyororo. Nyumba mbili zimenyimana chai maisha yao yote kwa ajili ya baiskeli isiyoweza kwenda popote, na picha yenyewe imekuwa ikituambia hivyo kila siku. Nyakundi, aliyekuwa amejiunga nasi, aliketi kwenye ndoo akacheka mpaka ikapasuka.

Bi. Mwanaisha akaingia ndani akarudi na bati la biskuti lenye kutu. Mpiga picha alikuwa akiacha dukani picha ambazo wenyewe hawakuzichukua, na zile zilizoharibika. Alizimwaga juu ya kaunta. Wanaume tele, koti moja. Kwa mrefu liliishia kiunoni, kwa mfupi lilifagia sakafu, na wote walikuwa na sura za matajiri.

Kerubo ndiye aliyeiona. "Bosibori," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Ilikuwa picha ya Tata, nguzo ile ile, koti lile lile, ila imeharibika. Amejisogeza. Mkono umeruka juu na mdomo uko wazi wazi, anacheka. Pembeni mwa picha kuna kuku hewani, mabawa yamefunguka, na nyuma ya kuku yuko kijana aliyeinama mbio, anaonekana mgongo na makalio tu.

"Huyo ni baba," Kerubo akanong'ona. "Huyo ni baba yangu. Aliingia kwenye picha! Hakujua!"

Mama aliishika picha puani. Akaisogeza mbali, akaileta tena, akatikisa kichwa. Haoni. Nilitoa simu, nikaipiga ile picha pale pale juu ya kaunta, nikaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, nikavuta tena, mpaka mdomo wa babu yangu ukajaza kioo chote. Nikampa.

Jino la mbele lilikuwa limepanda juu ya jirani yake.

Mama aliligusa kwenye kioo kwa kidole, kisha akaligusa lake. Hata vijana wa bodaboda walizima pikipiki zao. "Jino langu," akasema mwishowe. "Hili ni jino langu." Nililia, na mara hii hakuna aliyehitaji kunihimiza.

Tukapiga picha tuliyoijia. Bi. Mwanaisha alituletea koti la marehemu mume wake, akasema bila koti haitakuwa picha ya baraza hili. Mama akalivaa, akasimama kando ya nguzo, mkono juu ya kiti cha pikipiki badala ya baiskeli, midomo ameibana kama baba yake. Nikabonyeza. Imetoka vizuri sana.

"Sasa tupige ile iliyoharibika," Mama akasema.

Kuku hatukuwa naye. Kerubo, mwanamke wa miaka sabini na ushee, alikamata ile chupa ya chai ya Mama, akakunja nguo ya kanisani hadi magotini, akapita mbio mbele ya picha akilia kama kuku, na vijana kumi na wanne wakapiga honi. Mama alicheka. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye pikipiki, na mdomo haukufunikwa na kitu.

Kurudi: vikombe vitatu

Tulipita Masimba kurudisha viti. Mama alishuka akiwa na chupa yake, akaifungua, akaimwaga chai yote kwenye shina la mgomba wa Kerubo. Kisha akaingia ndani, akakaa, akangoja. Kerubo akamimina. Mama akaonja.

"Sukari kidogo," akasema.

"Umeanza," Kerubo akajibu, akamwongezea. Mama alikunywa vikombe vitatu.

Kesho anaingia hospitali ya macho. Leo asubuhi nilimuuliza, katika picha mbili za Tata, ni ipi nipeleke kwa Bwana Denis aikuze tena, ili akifunguliwa bandeji iwe ya kwanza kuletwa mbele yake. Hakufikiri hata kidogo.

"Ile ya kuku," akasema. "Na umwambie asiweke mishumaa. Huyu anacheka."